Mbunge Asiye na Jimbo

Mbunge aliyeteuliwa humtolea nani hesabu? Tumtazame Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea mwaka 1956. Alisoma sheria, akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata akapata udaktari (wa elimu, si wa dawa) huko Ujerumani mwaka 1992. Mwaka 2000 aliingia Bungeni kwa viti maalumu vya wanawake. Mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Aliporudi, Rais Kikwete alimteua kuwa mbunge, na mwaka 2014 akamkabidhi Wizara ya Katiba na Sheria.

Katiba yampa Rais nafasi zisizozidi 10 za namna hiyo. Mbunge huyo hana jimbo, wala hakuna kijiji kiwezacho kumwondoa kwa kura. Lakini walimu mwajua ya kuwa neno wakili, tumwitalo mtetezi wa barazani, katika Maandiko ni mtunza mali ya bwana wake. Naye hakuchaguliwa na watumishi wenzake. Hata hivyo alidaiwa hesabu. Basi twaona si utovu wa adabu wenye nyumba kumwuliza mteuliwa habari za kazi yake. Katika siku za uwaziri wake Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, Oktoba 2014. Kura ya wananchi ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, wala haikupigwa.