Zimwi Ndani ya Simu: Si Kila Kibonzo ni cha Mtoto

Majuma mawili yaliyopita mpwa wangu wa miaka tisa alianza kukataa kulala peke yake. Usiku wa kwanza tulidhani ni homa. Usiku wa pili nyanyake akamsomea Ayatul Kursi, akamlaza kitandani mwake. Usiku wa tatu, taa zikiwa zimezimwa, aliniita akaniuliza: "Mjomba, huko aliko mama kuna ukuta?"

Mamake ni dadangu mdogo. Yuko Saudia, huu ni mwaka wa pili, anafanya kazi za nyumbani kama dada zetu wengi wa Pwani. Huzungumza na mwanawe siku ya Ijumaa, akipata nafasi. Sikuelewa ukuta umeingiaje hapo. Nilipombembeleza ndipo akanieleza: kuna mji uliozungushiwa ukuta, majitu yakaubomoa, nyumba ikamwangukia mama mmoja, na mtoto wake akawa anatazama jitu likimnyanyua mamake na kumla.

Nilijua papo hapo alichokiona. Ni Attack on Titan, mchezo wa vibonzo wa Kijapani ulioanza kuonyeshwa mwaka 2013, na tukio hilo limo katika sehemu ya kwanza kabisa. Simu aliyotazamia ni yangu. Nilimpa kwa mkono wangu. Nilitupa jicho nikaona picha za kuchorwa, nikasema moyoni ni vibonzo, nikarudi zangu barazani kunywa kahawa.

Kesho yake nililipeleka suala hili kwa wenzangu pale barazani, na kahawa ikaingia mchanga. Maalim mmoja tunayemheshimu alisema mambo yote hayo ya Wajapani ni ya kishetani, yafutwe simuni na watoto wapewe Qurani. Kijana wa chuo akamjibu kwa adabu, "Maalim, nisamehe, lakini unahukumu usichokiona. Humo mna mafunzo ya subira na udugu kuliko tamthilia wanazotazama mama zetu kila usiku." Mzee mmoja, fundi wa seremala, akacheka: "Sisi tulitishwa na mwanamke wa buibui mwenye kwato za punda, na hapa tupo, tumeoa na kuzaa."

Kila mmoja alikuwa na haki kidogo. Lakini niligundua kuwa wote, mimi nikiwemo, tulikuwa tukizungumzia kitu kimoja ambacho kwa hakika ni vitu vingi. Kwa kuwa nimezitazama filamu za kutisha za Kijapani tangu enzi za kanda na sidii, naomba niweke mambo mezani.

Tuanze na mizuka yao. Mzuka wa Kijapani ni mwanamke mwenye nywele ndefu zilizoachiliwa, zimemfunika uso, na nguo nyeupe. Nguo ile ndiyo waliyokuwa wakimvisha maiti, kama sisi tunavyotumia sanda. Katika michoro yao ya zamani mara nyingi hana miguu. Wetu ana kwato, wao hana miguu kabisa. Anayetaka kujua kama ni binadamu au siye, hapa na kule, hutazama chini.

Mzuka huyu hakuzaliwa kwenye sinema. Mwaka 1825 jukwaa la kabuki lilionyesha kisa cha Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe aliyetaka kuoa mjukuu wa jirani tajiri. Alipewa sumu iliyomharibu uso, akafa, akarudi kumwandama mume. Kisa hicho kimefanywa filamu mara nyingi. Wajapani wana mazoea ya kusimuliana visa hivi wakati wa joto, mwezi wa Agosti, msimu ambao pia huwakumbuka wafu wao. Husema hofu hupooza mwili.

Mwaka 1964 mwongozaji Masaki Kobayashi alitengeneza Kwaidan, filamu ya hadithi nne za mizuka, ikapata tuzo maalumu huko Cannes mwaka uliofuata. Lakini iliyoitikisa dunia ni Ringu ya mwaka 1998, ya Hideo Nakata, kutoka kwenye riwaya ya Koji Suzuki. Kuna kanda ya video: ukiitazama, unakufa baada ya siku saba. Mzuka wake, Sadako, anatoka kisimani, kisha anatambaa hadi nje ya skrini ya runinga. Marekani waliitengeneza upya mwaka 2002. Njia ya kunusurika ni moja tu: unakili kanda ile na kumwonyesha mtu mwingine. Mama wa filamu ile, ili mwanawe apone, anaamua kumpelekea baba yake mzazi.

Sasa hebu fikiria zile jumbe tunazotumiana: "Watumie watu kumi, usipotuma utapatwa na msiba." Ringu ilitengenezwa kabla ya simu hizi, lakini ilishajua hofu ya zama zetu. Hofu hiyo ni kuwa laana huingia nyumbani kupitia kioo, na kwamba sisi wenyewe ndio tunaoisambaza, tena kwa wale tunaowapenda.

Zipo mbili nyingine nataka nizitaje. Ju-on, ya Takashi Shimizu, ambayo toleo lake la sinema lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni nyumba ya kawaida ya mtaani ambamo mume alimuua mkewe kwa wivu. Kila anayeingia humo anaambukizwa hasira ile. Na Dark Water, ya Nakata yuleyule, mwaka huohuo wa 2002, ni kisa cha mama aliyeachana na mumewe, anagombania malezi ya bintiye, amehamia fleti inayovuja maji. Mzuka wa hapo ni mtoto mdogo aliyepuuzwa na wazazi, akafa maji ndani ya tangi bila mtu kujua. Hataki kulipiza kisasi. Anataka mama.

Ukizitazama filamu hizi kwa makini utaona kuwa kinachotisha si damu. Damu ni chache mno. Kinachotisha ni haki ya mtu dhaifu iliyofunikwa: mke aliyepigwa, mtoto aliyesahauliwa, aliyetupwa kisimani. Kwa mtu mzima haya ni mazungumzo ya maana. Kwa mtoto wa miaka tisa ni usiku tatu bila usingizi.

Hapo ndipo linapokuja suala la anime. Neno hili kwa Mjapani lina maana ya picha zote zilizochorwa zikatembea, ziwe za nani. Sazae-san, kisa cha familia ya kawaida kinachoonyeshwa Jumapili jioni tangu mwaka 1969, ni anime. Na Perfect Blue ya mwaka 1997, inayohusu mwimbaji msichana anayefuatwafuatwa na kuandamwa hadi akili inamruka, nayo ni anime, ingawa hakuna mzazi mwenye busara angemwonyesha mtoto. Vitabu vyao vya michoro hupangwa kwa wasomaji: vya wavulana, vya wasichana, vya wanaume wazima, vya wanawake wazima. Mjapani akiingia dukani anajua rafu yake. Kwetu sisi rafu zote zimemwagwa kwenye simu moja, na juu yake tumeandika neno moja: vibonzo.

Neno hilo ndilo lililotuponza, tena pande zote mbili. Mzazi mmoja anasikia vibonzo, anasema ni mambo ya watoto, anatoa simu. Mzazi mwingine anaona jini mwenye pembe katika kibonzo kimoja, anasema vyote ni haramu, anapokonya simu. Wa kwanza hakutazama, na wa pili vilevile. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Tusidhani Wajapani wenyewe wamekubaliana. Mwaka 1989 alikamatwa mtu aliyewaua wasichana wadogo wanne. Chumbani mwake polisi walikuta maelfu ya kanda za video, zikiwemo za kutisha na za anime. Nchi nzima ilishikwa na hasira, na vijana wapenzi wa anime wakaanza kutazamwa kama watu wa hatari. Wengine walijibu kuwa mamilioni wanatazama na hawamdhuru mtu. Mabishano yale hayajaisha hadi leo. Kisha tarehe 16 Desemba 1997, sehemu moja ya Pokémon ilionyesha taa nyekundu na buluu zikimulikamulika kwa kasi, na watazamaji 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitalini. Hapo hapakuwa na jini wala zimwi. Ulikuwa mwanga tu. Mchezo ulisimamishwa kwa miezi kadhaa na vituo vikaweka kanuni mpya za mwanga.

Hata Hayao Miyazaki, ambaye filamu yake Spirited Away ya mwaka 2001 ilishinda Oscar, hapendi watoto wakeshe mbele ya video, ziwe zake au za wengine. Anataka watoke nje wacheze. Anayezitengeneza ndiye anayesema hivyo.

Maalim wetu aliitaja Saudia kama mfano wa kukataza. Ni kweli, mwaka 2001 wanazuoni wa huko walitoa fatwa dhidi ya michezo na kadi za Pokémon, wakisema inafanana na kamari na ina alama zisizofaa. Lakini simulizi haikuishia hapo. Watoto wa Kiarabu walishakua na vibonzo vya Kijapani vilivyotiwa sauti za Kiarabu. Muulize mtu mzima yeyote aliyelelewa Ghuba kuhusu Kapteni Majid mcheza kandanda. Mwaka 2021 kampuni ya Saudia ilishirikiana na studio ya Toei ya Japani kutoa filamu ya anime iitwayo The Journey, kuhusu watu wa Makka waliosimama dhidi ya jeshi la Abraha, kisa tunachokijua sote kutoka Suratul Fiil. Mwaka 2024 ikatangazwa bustani ya burudani ya Dragon Ball karibu na Riyadh. Nchi iliyoanza kwa kukataza imefika mahali pa kuchagua na kutengeneza. Mtu anaweza kuipenda safari hiyo au kuichukia, lakini asiseme huko jambo limefungwa.

Na hapa kwetu? Mwaka 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku vibonzo sita vya kwenye runinga kwa madai ya kukiuka maadili. Vyote vilikuwa vya Marekani. Sibishani na bodi. Ina kazi yake kisheria, na alama zake za umri, GE, PG, 16 na 18, zina manufaa makubwa kwa anayezisoma. Lakini amri ya runinga haimfikii mtoto mwenye bando la shilingi ishirini chini ya mwembe. Pale bodi ni mimi na wewe.

Kwa hivyo naona hivi. Kwanza, tuache kuuliza "Je, ni kibonzo?" Tuulize "Kimetengenezewa nani?" Majukwaa mengi huweka umri pale mwanzoni, tusome kabla ya kukabidhi simu. Pili, mzazi atazame sehemu ya kwanza yeye mwenyewe. Dakika ishirini na kidogo hazimtoshi mtu hata kumaliza birika la kahawa, nami ningezitumia nisingekuwa na hadithi hii. Tatu, kijana aliyefika kidato asikatazwe kwa ukali bila sababu. Aketishwe, aulizwe anapenda nini humo na kwa nini. Wengi wanazo sababu nzuri, na akizisema utajua mwanao anafikiri nini. Nne, mtoto akitishika asichekwe. Mwenzetu fundi aliyetishwa na kwato alikuwa na nyanya pembeni yake akimsimulia, mkono wake mgongoni. Simu haina mkono.

Ijumaa iliyofuata dadangu alipiga. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Hakunilaumu. Aligeuza kamera, akamwonyesha mwanawe ukuta wa ua wa nyumba anayofanyia kazi, mrefu, mweupe, na lango la chuma. "Unauona? Hakuna jitu litakaloingia hapa." Mtoto akautazama kwa muda. Kisha akauliza, "Na wewe, mama, unaruhusiwa kutoka?"

Dada alicheka, akabadilisha mazungumzo. Mtoto alilala usiku ule. Mimi ndiye niliyekesha, maana niling'amua kuwa zimwi halikuletwa lote na Wajapani. Hofu ya mtoto huyu ilikuwamo nyumbani mwetu muda mrefu, sote tukiipita kimya kimya kwa kuwa pesa ya kila mwezi inaingia. Ile filamu iliikuta tu, ikaipa umbo.

Simu nimeichukua, na anime za wakubwa nimezifunga. Lakini nimempa ahadi pia: kila jioni baada ya Isha tunaketi barazani, anauliza chochote kuhusu mamake, nami namjibu ukweli ninaoujua. Wenye watoto walio katika hali kama hii, na Pwani tuko wengi, nawaomba mfanye hivyo kabla ya kugombana kuhusu vibonzo.