Kucheka na Yesu si kumcheka Yesu: riwaya iliyogawanya wasomaji

Mtoto wa miaka sita amekaa pale Nazareti, mjusi uko mdomoni mwake. Anamtoa, mjusi ni mzima kabisa, anamkabidhi mdogo wake. Mdogo anamponda kichwa kwa jiwe. Mtoto anamwokota tena, anamtia mdomoni, na mjusi anafufuka. Kijana mwingine wa rika lake anapita, anasimama, anashangaa, na papo hapo anatamani kujua namna ya kufanya mchezo huo.

Ndivyo unavyoanza urafiki wa Yesu na Biff katika riwaya ya kuchekesha iitwayo «Lamb», maana yake Mwana-kondoo, iliyotolewa Marekani mwaka 2002 na mwandishi Christopher Moore. Tangu wakati huo wasomaji wamegawanyika. Kuna wanaosema kitabu hicho ni tusi kwa Mungu. Kuna wanaosema, tena Wakristo wa kanisani, kwamba kiliwafanya wampende Yesu kwa namna mpya. Na kuna kundi la tatu: wanaokihukumu bila hata kukifungua.

Ugomvi huo ni wa mbali, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini swali lake linafika hadi kwenye mitaa na kambi za mashariki mwa Congo, mahali ambapo familia nyingi zilikimbia na Biblia chini ya kwapa. Je, mtu anaweza kufanya mzaha juu ya jambo takatifu bila kulichafua? Na anayechukizwa na mzaha huo afanye nini?

Miaka 18 ya kimya

Kwanza ni vizuri kujua kitabu kinasimulia nini. Injili ya Luka inamwonyesha Yesu akiwa na miaka 12, katika hekalu la Yerusalemu, akiongea na walimu. Baadaye Luka huyo huyo anasema Yesu alianza kazi yake akiwa na umri wa miaka kama 30. Katikati kuna miaka 18, na juu ya miaka hiyo Injili inasema tu kwamba alikua katika hekima na kimo. Alikula nini? Alicheza na nani? Ni nani aliyemchekesha? Hakuna jibu.

Moore ameingia katika kimya hicho. Katika hadithi yake malaika Raziel anamfufua Biff, rafiki wa utotoni, na kumfungia katika chumba cha hoteli huko St. Louis, Marekani, ili aandike yale ambayo wengine hawakuyaandika. Jina lenyewe la Biff ni mzaha: anasema ni neno la mtaani la kofi la kichwani, ambalo mama yake alisema alilihitaji kila siku. Yesu anaitwa Joshua, jina lililo karibu zaidi na lile la Kiebrania.

Vijana hao wawili wanaondoka Galilaya kuwatafuta mamajusi watatu waliokuja wakati wa kuzaliwa kwa Joshua. Wa kwanza wanamkuta katika milima ya Afghanistan, wa pili katika nyumba ya watawa wa Kibudha huko China, wa tatu India. Joshua hawezi kusema uongo, basi Biff anaudanganya ulimwengu kwa niaba yake ili rafiki asidhurike. Njiani kuna kahawa, kuna ngumi za Kichina, kuna chakula cha Kichina siku ya kuzaliwa kwa Joshua. Halafu wanarudi nyumbani, wanafunzi wanakusanyika, na njia inaelekea Yerusalemu.

Wapo wanaodhani Moore ndiye wa kwanza kuthubutu hivyo. Sivyo. Tangu karne za kwanza Wakristo walisimuliana habari za utoto wa Yesu ambazo hazimo katika Injili nne. Andiko moja la zamani, linaloitwa Injili ya utoto ya Tomaso, linamwonyesha akiwa mtoto akifinyanga ndege wa udongo, kisha ndege wanaruka. Kanisa halikuliweka andiko hilo katika Biblia. Habari ya ndege wa udongo iko pia katika Kurani, na Waislamu wanaisoma kama muujiza wa Nabii Isa. Hamu ya kujua Yesu alikuwa mtoto wa namna gani ni ya zamani kuliko riwaya yoyote.

Wanaokasirika wana hoja

Ni makosa kuwaona wote waliochukizwa kuwa ni watu wasiojua kucheka. Malalamiko yao ni ya kweli, na yanastahili kusikilizwa moja moja.

La kwanza ni lugha. Biff ana mdomo mchafu, anapenda wanawake, na hafichi kitu. Kuna sehemu ambapo Joshua, anayetaka kuelewa dhambi asiyoweza kuitenda, anamtuma rafiki kwa makahaba ili aje amsimulie. Mama aliyelea watoto wake kwa katekisimu akikutana na ukurasa huo atafunga kitabu, na hakuna wa kumlaumu. Hiki si kitabu cha watoto.

La pili ni zito zaidi. Katika riwaya hii Joshua anajifunza sehemu ya mafundisho yake kwa watawa wa Kibudha na walimu wa India. Kwa msomaji asiye na dini, hiyo ni hadithi ya safari tu. Kwa mwamini, ni kugusa msingi wa nyumba: anaamini kwamba neno la Yesu lilitoka kwa Baba, halikuokotwa njiani.

La tatu linasahaulika mara nyingi. Kitabu hakiwatanii Wayahudi na Wakristo peke yao. Dini za Asia nazo zinapitiwa haraka, na India inaonyeshwa zaidi kwa sherehe ya kutisha ya damu kwa ajili ya mungu Kali. Mhindu akisoma hapo anaweza kuumia vilevile. Anayedai heshima kwa imani yake anapaswa kuidai pia kwa imani ya jirani, la sivyo anatetea kabila lake tu.

Wanaolia mwishoni

Upande wa pili nao una ushuhuda wake. Wasomaji wengi wanasema walianza wakicheka na kumaliza wakilia. Sababu ni kwamba mbele ya msalaba mzaha unaisha. Biff, yule mwongo hodari aliyemtoa rafiki yake katika kila shida, anapanga ujanja wa mwisho ili Joshua asife. Unashindikana. Kila msomaji anajua tangu mwanzo hadithi hii inaelekea wapi, na bado anajikuta akitumaini kwamba safari hii rafiki atafaulu. Kwa mtu aliyesikia habari za Ijumaa Kuu kila mwaka tangu utoto, hata masikio yakazoea, kuumia tena namna hiyo si jambo dogo.

Mwandishi mwenyewe, mwishoni mwa kitabu, anaeleza kwamba ni hadithi ya kubuni na kwamba hakukusudia kubomoa imani ya mtu. Msomaji hatakiwi kumwamini kwa kusema tu hivyo. Lakini anaweza kupima: kicheko kinamwangukia nani? Katika «Lamb» anayechekwa mara nyingi ni Biff: tamaa yake, woga wake, majivuno yake. Wanafuata wanafunzi wasioelewa wanachofundishwa, na wakubwa wanaojiona watakatifu. Joshua anachekesha kwa sababu hajui uongo katika ulimwengu wa waongo, lakini hadharauliwi.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kucheka na mtu na kumcheka mtu. Jamii za huku zinaijua vizuri. Mjukuu anaruhusiwa kumtania babu yake kwa maneno ambayo mtoto wa kuzaa hawezi kuyatamka. Babu anamwita mjukuu wa kike «bibi yangu», na kila mtu anacheka, bibi mwenyewe wa kwanza. Neno hilo hilo likitoka kwa mpita njia ni kesi kwa chifu. Kinacholifanya kuwa utani ni ukaribu wa anayelisema. Moore alimpa usimulizi rafiki wa utotoni, aliyelala njaa pamoja na Joshua na kulia juu yake, na kwa hiyo kicheko chake kina ruhusa ambayo adui asingeipata.

Hasira inapokosa breki

Ugomvi juu ya «Lamb» umebaki hasa kuwa ugomvi wa maneno. Hadithi nyingine hazikupata bahati hiyo. Mwaka 1988, filamu iliyotolewa katika riwaya ya Mgiriki Nikos Kazantzakis juu ya majaribu ya mwisho ya Yesu ilikuwa ikionyeshwa Paris, na watu waliojiita watetezi wa imani walichoma moto jumba la sinema. Watazamaji walijeruhiwa. Mwaka 1991, huko Japani, mwalimu Hitoshi Igarashi aliuawa kwa kisu. Alikuwa ametafsiri riwaya ya Salman Rushdie iliyowakasirisha Waislamu wengi. Mwaka 1992, huko Ureno, kiongozi mmoja wa serikali aliondoa riwaya ya José Saramago juu ya maisha ya Yesu katika orodha ya vitabu vya kushindania tuzo ya Ulaya. Saramago alihama, akaenda kuishi katika kisiwa cha Lanzarote, Uhispania. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Nobel.

Kati ya hao walioumizwa, hakuna aliyeumizwa na mzaha. Waliumizwa na moto, kisu na amri. Na katika visa kama hivyo huwa kuna watu wenye hasira ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja: mtu alimwambia mtu, naye akamwambia mwingine.

Familia zilizohama makwao hazihitaji kufundishwa jambo hilo. Mashariki mwa Congo zinajua namna neno moja, lililosemwa jioni juu ya jirani, linavyoweza kufika asubuhi likiwa limekuwa hukumu. Uvumi juu ya kitabu unatembea kwa miguu ileile ya uvumi juu ya mtu. Aliyezoea kuuliza «ni nani aliyeona? ni nani aliyesikia kwa masikio yake?» kabla ya kumwita jirani adui, atauliza vilevile kabla ya kumwita mwandishi adui wa Mungu.

Basi mwamini anayechukizwa na «Lamb» ana haki ya kuchukizwa, na ana njia nyingi za kuonyesha: asikinunue, asikiweke nyumbani, asimame kanisani au redioni na kusema ni wapi kinapotosha, ukurasa kwa ukurasa. Mchungaji au padri akiulizwa na kijana aliyekisoma, jibu zuri ni kufungua naye Luka, sura ya pili na ya tatu, na kumwonyesha mahali Injili inapoishia na mahali ubunifu unapoanza. Kijana huyo atatoka akijua Injili vizuri kuliko alivyoingia. Kumnyang'anya kitabu kutamfundisha tu kusoma gizani.

Anayekipenda naye ana wajibu wake. Asimcheke mama aliyeumia. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, shamba na wafu wake katika mwaka mmoja, jina la Yesu pengine ndilo kitu cha mwisho ambacho hakikuporwa. Anayetaka kufanya mzaha karibu na kitu hicho aende taratibu, kama anayeingia chumba cha mgonjwa.

Injili ya Matayo inasema Yesu mwenyewe alikimbizwa usiku kwenda Misri akiwa mtoto, kwa sababu mfalme alitaka kumuua. Haisemi kama alicheza huko. Lakini yeyote aliyepita kati ya mahema ya waliohama mchana, baada ya mvua, amesikia watoto wakichekana huku wanasukuma gari la waya au wanapiga mpira wa matambara. Wazazi wao hawajasema kwamba kicheko hicho kinawatukana. Wengi wanatoka nje ya hema ili wakisikie vizuri.