Lita Zisizokuwepo

Naandika haya nikiwa na kinyongo, na sehemu kubwa ya kinyongo hicho ni juu yangu mwenyewe.

Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji ukatangazwa Dar es Salaam, kikundi cha WhatsApp cha wapangaji wa nyumba yetu kule Kimara kiligeuka bunge. Tulikuwa familia nane, magari matano, simtanki mbili. Ndani ya siku tatu tulishapitisha sheria moja, na hiyo moja ilitutosha: marufuku kuosha gari ndani ya fensi. Mashine za kufulia hatukuzigusa. Bomba la uani lililokuwa likivuja tangu Pasaka hatukuligusa. Kisha jirani mmoja akatuma picha ya chupa. Dawa ya kuosha gari bila maji. Unapulizia, unafuta, unang'arisha. Kwenye lebo iliandikwa kwamba kila ukiosha gari namna hiyo unaokoa lita 150. Kikundi kizima kikajaa emoji za makofi, na zangu zilikuwemo.

Kijana aliyekuwa akituoshea magari kila Jumamosi hakuwamo kwenye kikundi. Mlinzi ndiye aliyetumwa kumwambia getini kwamba asije tena.

Sasa tuhesabu, maana wapenzi wa chupa hizi wanapenda sana hesabu. Kijana yule hakuwahi kuchota kwenye simtanki zetu. Alikuja na toroli lake na madumu mawili ya lita 20 aliyoyanunua mwenyewe. Gari langu ni IST. Dumu moja lilimtosha kuliosha lote, na mara nyingi kikabaki kidogo cha kusuuzia kapeti. Nitajie basi, wewe uliyesoma hadi chuo kikuu kama mimi: kwenye dumu la lita 20 unaokoaje lita 150?

Huwezi. Lita hizo hazikuwepo. Zimetoka kwenye hesabu ya mtu mwingine, mwenye ua wa nyasi na mpira wa bustani unaomwaga lita 15 kwa dakika huku yeye akizunguka gari kwa dakika kumi. Kwa mtu huyo lebo inasema kweli. Mmoja wetu kwenye kikundi aliitaja Cape Town, na mfano wake ulikuwa mzuri kuliko alivyojua. Mwaka 2018, mabwawa yalipokaribia kukauka, wakazi wa jiji hilo waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya bomba ya manispaa kukapigwa marufuku. Pale mpira ulikuwepo, ukafungwa, na chupa ikachukua nafasi yake. Kimara mpira haukuwepo. Tulichofunga ni riziki ya mtu mwenye ndoo.

Nisije nikaonekana naichukia dawa yenyewe. Si utapeli. Ndani yake mna sabuni na vilainishi vinavyoizunguka chembe ya vumbi, kitambaa kiiokote bila kuiburuta. Gari lililolala kwenye banda na kutembea barabara ya lami, lenye vumbi jepesi kama poda, linatoka safi kabisa. Lakini wewe unapita wapi? Mimi napita barabara ya mtaa isiyo na lami, nyuma ya malori ya mchanga, na wiki ya mvua milango yangu inavaa udongo mwekundu hadi kwenye vioo. Chembe ya mchanga inakwaruza hata kioo, sembuse ule utando wa juu wa rangi ya gari, ambao ni mwembamba kuliko unywele.

Kijana yule aliyajua haya bila lebo. Kabla hajagusa gari kwa sponji alichota maji kwa kopo, akamwaga kuanzia paani, taratibu, akaacha yateremke. Nilidhani ni mbwembwe. Maji yale ya kwanza yalikuwa ya kuondoa mchanga tu. Kusafisha kulikuja baadaye.

Nami Jumamosi yangu ya kwanza ya uzalendo nilipuliza, nikafuta, nikageuza kitambaa kama video ilivyoelekeza, nikachukua kingine. Vitambaa sita. Gari likang'aa, nikapiga picha. Jioni nikavipeleka vitambaa bafuni, maana wanasema vikibaki na mchanga safari ijayo vitakwaruza. Nilifua na kusuuza, maji yakitoka mekundu, nikasuuza tena. Ndoo moja na nusu. Nilikaa ukingoni mwa beseni nikiitazama ile ndoo. Nilikuwa nimetumia maji mengi kuliko yule kijana, tena ya simtanki, tena mahali ambapo hakuna wa kuniona.

Kuna aina ya pili ya dawa, na hii naiheshimu. Hutiwa kwenye maji, kama mililita 30 kwa lita 8, unaosha kwa sponji kisha unakausha bila kusuuza. Tope zito litahitaji kopo lile la kwanza, lakini dumu la kijana yule lingetosha magari mawili. Na wale wanaooshea magari kando ya mito, grisi na mafuta vikiteremka moja kwa moja kwenye maji ambayo wengine wanayategemea, hapo hoja ya kupunguza maji machafu ni nzito na sina ubishi nayo. Ila angalieni tulichofanya sisi. Tulikuwa na fedha ya kununua chupa tano, za nyumba tano, zishikwe na watu watano wasiojua kushika kitambaa. Wazo la kununua moja na kumpa mtu anayeijua kazi halikumpitia hata mmoja wetu. Lingetupa maji kweli. Lakini lisingetupa picha ya kutuma kwenye kikundi.

Bomba la uani, kwa taarifa yenu, liliendelea kuvuja. Kulitengeneza kulihitaji kumpigia simu mwenye nyumba na kubishana naye. Kumfukuza kijana kulihitaji kumtuma mlinzi.

Mgao ulipolegea nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta karibu na kituo cha daladala akiosha bodaboda. Alinisalimia vizuri tu, kama vile hakuna kilichotokea, na hilo likaniuma zaidi. Akazunguka IST, akainama usawa wa boneti, akainamisha kichwa kuufuata mwanga wa jua. Mikwaruzo ilikuwa imejaa, myembamba, ya kuzunguka, kama utando wa buibui.

"Dada, hii ilifutwa na mchanga wake."

Nikamweleza habari ya chupa. Alisikiliza hadi mwisho, kwa udadisi wa fundi, akauliza inapulizwa vipi, akauliza inauzwa kiasi gani.

"Elfu thelathini na tano."

Akanyamaza kidogo, midomo ikicheza.

"Hizo ni IST saba," akasema, akachovya kopo kwenye ndoo, akamwaga la kwanza juu ya paa.