Bonde, Migomba na Mpaka wa Kihamba

Katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, umeonyeshwa tangu zamani kwa mstari wa masale. Siku hizi mtu aweza kusimama penye masale hayo na simu mkononi, akadai kwamba mpaka umesogezwa kwa kuwa nambari za simu zasema hivyo. Dai la namna hiyo halina budi kupimwa kisayansi kabla halijawafarakanisha ndugu.

Simu haipimi ardhi, hupima muda. Setilaiti za mfumo wa GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, hutuma mawimbi ya redio yaendayo takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Muda yanaotumia njiani ndio huonyesha umbali. Wimbi likigonga ukingo wa bonde au paa la bati, likafika simuni baada ya kuzunguka mita 30 zaidi, huchelewa kwa sehemu moja tu ya milioni kumi ya sekunde. Iwapo lile la moja kwa moja limezibwa, umbali hukosewa kwa mita 30 zote.

Aidha, mabonde yaliyochongwa na mito ya mlima huficha setilaiti zilizo chini angani. Zinazobaki hukusanyika utosini, na hesabu ya mahali hupungukiwa usahihi. Majani ya migomba, hasa yakilowa, huyadhoofisha mawimbi. Hata mahali peupe simu ya kawaida yaweza kukosea mita 5 hivi, na kihamba chembamba hakistahimili kosa hilo.

Haya hayauondolei mfumo huo thamani. Mwaka 1999 wataalamu waliutumia kupima kilele cha Uhuru, wakapata mita 5,892. Kipimo cha mwaka 1952 kilikuwa mita 5,895. Lakini upimaji wa namna hiyo huhitaji vyombo maalumu, muda mrefu na ulinganisho wa vituo kadhaa.

Yafaa walimu wa fizikia na jiografia walithibitishe jambo hili. Wanafunzi waweke simu mahali pamoja uwanjani, kisha migombani, wakiandika nambari mara kumi kwa nyakati mbalimbali, na kuzichora katika karatasi ya grafu. Wakiona jinsi nukta za mahali pamoja zinavyotawanyika, wataelewa kwa nini mpaka hupimwa na mpimaji mwenye idhini, mbele ya majirani, na kwa nini masale hayang'olewi kwa amri ya simu.