Mahali pa Televisheni Sebuleni

Televisheni bapa hupendeza ikiangikwa ukutani, lakini yafaa mwenye nyumba auchunguze ukuta kwanza. Nyumba nyingi nchini Burundi zimejengwa kwa matofali mabichi. Humo skrubu hulegea kidogo kidogo, hata chombo kikamwangukia mtoto aketiye chini yake. Katika nyumba kama hizo, meza pana na fupi, iliyosogezwa hadi ukutani, ni bora kuliko fahari ya kuangika. Televisheni na ifungwe barabara kwenye meza hiyo, wala juu yake kisiwekwe kitu cha kumshawishi mtoto apande. Ukuta ukiwa wa matofali ya kuchoma, basi iangikwe, katikati ya kioo pakilingana na macho ya aliyeketi, yapata mita 1 kutoka sakafuni. Wengi huiweka juu mno, wageni wakaumwa shingo. Kioo kisielekeane na dirisha.