Tuhesabu watu, tusihesabu jile

Wandugu wa Bukavu,

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Ilitoka Minova, huku kwetu Kivu ya Kusini, imejaa watu na mizigo, juu vita ilikuwa imefunga barabara. Gavana wetu alisema ndani mulikuwa watu 278 na 78 wamekufa. Upande wa Goma walisema wafu ni 34. Boti moja, ziwa moja, hesabu mbili.

Sasa tunauliza: kama hata wafu hatupatani ni wangapi, tutajua namna gani kama kinga ya ajali inafanya kazi?

Kila kisha ajali tunaona ileile. Wakubwa wanashuka bandarini, wanakataza kusafiri bila jile, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa: tumegawa jile kadhaa, tumefundisha watu kadhaa. Hiyo ni hesabu ya kazi, haiko hesabu ya maisha. Jile inagawiwa leo, kesho inafungiwa mu kabati, na mutu anayezama hawezi kuifikia.

Hata ajali zikipungua, tusikimbilie kupiga makofi. Pengine barabara imefunguka na watu wameacha boti. Ndiyo maana lazima kujua pia ni wangapi wanasafiri.

Tunadai mambo tatu:

1. Kila abiria aandikwe jina mbele boti haijatoka, hata mutoto wa mugongoni. Nakala moja ibaki inchi kavu.

2. Bandarini wahesabu bila kutoa habari mbele: wangapi wamevaa jile, wangapi wamezidi kipimo cha boti. Matokeo yabandikwe ukutani kila mwezi, kila mutu asome.

3. Kisha ajali, majimbo yote mbili yatoe hesabu moja, yenye majina.

Hayo hayaombi pesa za wazungu. Yanaomba daftari na ukweli.

Wengi wetu tuko na diplome na kazi hatuna. Lakini kuhesabu tunajua. Watufungulie lango la bandari, tutasimama pale na kalamu, bila kuomba hata franka moja.

Na wewe unayepanda boti kesho: uliza jina lako limeandikwa wapi. Kama haliko, sema kwa sauti, na wenzako waseme nawe. Mutu asiyehesabiwa akiwa muzima, hata akizama hatahesabiwa.