Duka la Kale la Pangani Lisibomolewe

Wako watu wasemao kwamba majumba ya maduka ya Mtaa wa India, Pangani, ni mabaki ya wageni, na heri yaanguke. Tunawajibu: wamekosea!

Ni kweli, mwenye duka alikuwa Mhindi au Mwarabu. Chini biashara, juu makao yake. Lakini mawe ya matumbawe yalichimbwa na nani? Chokaa ilichomwa na nani? Boriti za mikoko zilibebwa kwa mabega ya nani? Jasho lile ni letu.

Katika mji huo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, kwa kuwapinga. Jirani na mji huo mkonge ulianza kupandwa mwaka 1893, na manamba wakauvujia jasho. Tukibomoa kuta, mashahidi wa dhuluma hiyo tutawatoa wapi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baadaye hungoja tangazo la Waziri. Wakati wa kungoja, mvua haingoji!

Basi wenye nyumba na Halmashauri wazibe mapaa. Kuta zipakwe chokaa, si saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani na jiwe huoza. Vijana wafundishwe ufundi huo.

Taifa lililojitawala tangu 1961 haliogopi nyumba ya bwana wa jana. Huitwaa, likawafundishia watoto wake.